Wino Umevuja, Unga Haujayeyuka: Utatuzi wa Matatizo ya Kadi za Wanaume za Mtindo wa Zamani

Kadi ya baba, babu, kaka au mkuu wa kazi anayestaafu, ikitengenezwa kwa sura ya zamani, huwa na vitu vichache: karatasi ya kaki au ya krimu, kingo zilizotiwa ukahawia, na chapa moja iliyokolea, iliyogongwa kwa muhuri na wino, iwe saa ya mfukoni, taipureta, baiskeli, ramani au gari la miaka ya 1930. Hakuna maua wala vimetameta vya kufunika kasoro, kwa hiyo kila kosa la wino linaonekana. Mwongozo huu unasimamia kanuni moja: uchakavu ukae kwenye karatasi, chapa yenyewe iwe safi na kali. Wengi hugeuza kanuni hii. Hugonga muhuri hovyo wakidhani ukungu wa wino utaonekana kuwa uzee, nao huonekana kuwa uchafu tu.

Kwanza tambua wino ulio nao

Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanaisha ukijua hili.

Wino wa maji ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa. Huzama haraka karatasini na huangaza, yaani rangi ya karatasi inaonekana chini yake. Distress Ink ya Ranger ni wa aina hii, na umetengenezwa makusudi uendelee kutembea ukiguswa na maji. Memento ya Tsukineko nao ni wa maji, ila umekusudiwa kuchapa mistari ya kupakwa rangi kwa kalamu za spiriti, zile zenye rangi iliyoyeyushwa katika alkoholi.

Wino wa pigimenti una chembe za rangi zinazobaki juu ya karatasi. Umekolea, unaonekana hata juu ya kaki, lakini hukauka polepole. VersaFine ni mfano mzuri kwa michoro yenye mistari myembamba. Distress Oxide umechanganya tabia za aina hizi mbili.

Wino wa kudumu, kama Archival Ink, hautoki kwa maji ukishakauka. Wino wa solventi (kiyeyushi kikali chenye mvuke), kama StazOn, ni wa plastiki, chuma, kioo na karatasi inayong'aa. VersaMark hauna rangi. Kazi yake kubwa ni kunasa unga wa kunakshi kwa joto, yaani unga unaonyunyizwa juu ya chapa mbichi kisha ukayeyushwa na kuacha mchoro ulioinuka.

Kisha kuna wino wa mihuri ya ofisi, ule wa kidau cha duka la steshenari. Ni rahisi kuupata kuliko yote, ndiyo maana wengi huanza nao. Umekusudiwa karatasi ya kawaida ya barua. Juu ya kaki husambaa, juu ya karatasi inayong'aa hukaa mbichi, na mwingi hufifia ukikaa juani. Utumie kwa mazoezi, usiutumie kwenye kadi ambayo mtu ataitunza.

Dalili: chapa ina mabaka meupe, au mistari mingine haijatoka

Lalamiko hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko mengine. Anza na sababu ya kwanza, ushuke.

1. *Muhuri ni mpya.* Mihuri angavu ya fotopolima (plastiki laini) hutoka kiwandani ikiwa na utando unaokataa wino. Ukiuangalia utaona wino umejikusanya vitone vitone badala ya kutandaa. Ioshe kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ikaushe, kisha pitisha kifutio cheupe cha penseli juu ya uso wake polepole. Gonga mara mbili au tatu kwenye karatasi ya majaribio kabla ya kugusa manila nzuri. Msasa laini kabisa unaweza kusaidia muhuri wenye eneo kubwa lililojaa, mpapaso mmoja tu. Usiupitishe msasa kwenye mistari myembamba, ikishasagika hairudi.

2. *Meza ni ngumu mno.* Muhuri wa fotopolima unahitaji kitu chenye kunepa kidogo chini ya karatasi. Padi ya kipanya cha kompyuta inafaa, au karatasi kumi hivi za gazeti. Muhuri wa mpira uliobandikwa juu ya sponji tayari una mto wake, hivyo hauhitaji mwingine.

3. *Wino ni kidogo.* Muhuri mkubwa usiubonyeze kwenye pedi ya wino. Uweke ukitazama juu, ugongegonge kwa pedi. Utazame kiupande dhidi ya mwanga: uso wote ung'ae sawasawa.

4. *Karatasi ina mikwaruzo.* Manila nyingi zina upande laini na upande wenye vinyweleo. Papasa kwa kidole, chagua laini.

5. *Muhuri hauko sawa.* Kibao cha mti kikipinda, kona haitagusa. Kifaa cha kuelekezea muhuri kama MISTI kinakuruhusu kugonga mara ya pili mahali palepale bila kutoa chapa mbili. Usipokuwa nacho, geuza kazi: laza muhuri uso juu mezani, upake wino, teremsha karatasi juu yake, usugue mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko.

Acha kuhangaika na umrudie fundi aliyekuchongea iwapo herufi za muhuri wa mpira hazina kina. Kukandamiza zaidi kutachapa na sakafu ya mpira. Ukiagiza muhuri wa maneno ya Kiswahili, "Hongera Baba" au "Heri ya Kuzaliwa", mwambie unataka mpira mtupu uliokatwa kwa leza, bila mashine yenye wino ndani. Mpelekee mchoro mweusi kwenye nyeupe, usio na vivuli vya kijivu, na mistari isiwe myembamba kuliko milimita 0.3. Mihuri ile ya ofisi inayobeba wino wake tumboni haikubali kubadilishiwa wino ovyo, na haishiki unga wa kunakshi.

Dalili: mistari imenenepa, matundu ya herufi yamejaa wino

Sababu kuu ni wino kupita kiasi. Pedi mpya, au iliyotoka kuongezwa wino, huwa tepetepe. Gonga mara moja kwenye karatasi taka, ndipo ugonge kwenye kadi bila kuongeza wino. Chapa ya pili ndiyo nzuri.

Inayofuata ni mkono unaoyumba. Watu hubembeza kibao mbele na nyuma wakitaka kila kona iguse. Matokeo ni mstari mara mbili na kingo chafu. Teremsha wima, bonyeza kwa kiganja, hesabu hadi tatu, inua wima.

Ya tatu huwakuta zaidi wanaopenda kuzeesha karatasi kwanza, yaani kuipa sura ya kale kwa chai au kwa sponji yenye wino wa kahawia: karatasi bado ina unyevu. Ikiguswa inaonekana kavu, lakini ndani haijakauka, na wino wa maji hutafuta maji. Karatasi iliyolowekwa chai ilale usiku mzima chini ya vitabu, katikati ya karatasi safi za kufyonza. Kwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja msimu wa masika, ipe siku mbili. Muscat wakati wa joto kavu, saa chache zinatosha.

Ya mwisho ni kaki yenyewe. Kaki ya bahasha za bei nafuu hunyonya wino kando ya mistari. Weka wino wa pigimenti badala ya wa maji. Ikiendelea kuvuja, chapa kwenye manila ya krimu ya gramu 220 hadi 300, uikate na kuibandika juu ya kaki.

Ukiona alama za mraba zisizo za mchoro, hiyo ni pembe ya mpira uliozidi. Kata mpira karibu na mchoro kwa mkasi mkali, lakini acha mteremko chini ya mistari. Usichimbe chini yake, kwani ukingo utalegea na kujikunja.

Dalili: wino haukauki, unatoka kwa kidole

Bonyeza tishu juu ya chapa bila kusugua. Ikitoka na alama, bado. Wino wa pigimenti kwenye manila isiyong'aa unaweza kuhitaji saa kadhaa, na kwenye hewa yenye unyevu hata siku nzima. Kwenye karatasi inayong'aa au picha usiungoje. Huenda usikauke kamwe, kwa sababu hauna pa kuzama. Hapo njia ni mbili: badilisha uwe wa solventi, au chapa ikiwa bado mbichi uinyunyizie unga angavu wa kunakshi na uiyeyushe. Njia ya pili hufungia wino chini ya ngozi ngumu na kukoleza weusi vizuri sana. Kwa taipureta na gia ndiyo tunayoipendelea.

Wino wa solventi una mvuke mkali. Fungua madirisha. Ukihisi kizunguzungu au kichwa kuuma, funga pedi na utoke nje. Usiporejea hali yako haraka ukiwa kwenye hewa safi, nenda hospitali.

Usibandike picha halisi ya babu kwenye kadi, wala usigonge muhuri juu yake. Ipeleke ikapigwe skani, uchapishe nakala kwenye karatasi isiyong'aa. Printa ya leza ni salama zaidi, kwa kuwa chapa ya printa nyingi za wino huchuruzika ukipitisha sponji yenye unyevu.

Dalili: mistari myeusi inachuruzika mara tu unapopaka rangi

Hapa wino na rangi unayopaka havipatani, na hakuna mbinu ya mkono itakayoyatatua.

Unapaka rangi ya maji au Distress Ink kwa brashi? Mistari iwe ya wino wa kudumu uliokauka, au ya pigimenti iliyofunikwa na unga angavu. Unapaka kwa kalamu za spiriti? Usitumie wino wa kudumu wala wa solventi, kwa sababu spiriti huweza kuziyeyusha. Tumia Memento, uache dakika 5 hadi 10. Unapaka kwa penseli za rangi? Karibu kila wino unafaa ukishakauka.

Fanya jaribio kwenye kipande cha manila ileile. Chapa, subiri dakika kumi, pitisha brashi yenye maji upande mmoja na kalamu ya spiriti upande wa pili. Andika nyuma majina ya wino na karatasi, ukitunze kipande hicho.

Dalili: uzee umegeuka uchafu

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha kadi na kadi, nasi tutakaa hapa kidogo.

*Alama za duara za sponji.* Sponji ilitua katikati ya karatasi ikiwa na wino mwingi. Itue kwanza kwenye karatasi taka iliyo chini ya kadi, kisha iingie kutoka ukingoni kuelekea ndani kwa mizunguko mepesi. Ukingo ukolee, katikati pabaki peupe. Kama alama imeshaingia, usiisugue. Weka ukahawia zaidi kuizunguka, au igongee chapa juu yake.

*Rangi moja nzito mahali pamoja.* Anza na rangi nyepesi, umalizie na nzito. Mfuatano unaofanya kazi ni Antique Linen, kisha Tea Dye, kisha Vintage Photo kwenye kingo, na Walnut Stain kwenye pembe tu. Kahawia tatu zinatosha kabisa. Nyeusi kwenye kingo huifanya karatasi ionekane imeungua, na hiyo ni habari nyingine.

*Karatasi inavua nyuzi.* Umeisugua ikiwa mbichi. Simama, iache ikauke, kisha endelea kwa kugonga badala ya kusugua. Nyuzi zilizokwisha kusimama zilaze kwa mgongo wa kijiko.

*Matone ya maji hayaachi alama.* Alama za matone hutokea tu kwenye wino unaoitikia maji. Nyunyiza matone machache kwa ncha za vidole, hesabu hadi kumi, kisha bonyeza tishu wima. Hakuna kilichotokea? Wino wako ni wa kudumu au wa pigimenti, maji hayataubadilisha.

*Sehemu zinazokataa rangi.* Mafuta ya mikono au gundi iliyokauka. Nawa mikono bila kupaka losheni, na bandika vipande baada ya kuzeesha, si kabla.

*Chai imetoa madoa yanayonata.* Kulikuwa na sukari au maziwa. Tumia chai ya rangi tupu: mifuko 4 au 5 katika mililita 250 za maji yaliyochemka, iache dakika 10, ipoe. Yenye sukari huita sisimizi, na yenye maziwa huota ukungu. Karatasi ikianza kunuka uvundo au kuwa na vidoa vya kijani au vyeusi, itupe. Usijaribu kuifunika kwa wino, maana ukungu utahamia kwenye bahasha na kadi za jirani.

*Kila kitu kiko sawa, lakini kadi haina mpangilio.* Hesabu mihuri uliyoitumia. Ikiwa saa, gari, funguo, ramani na maneno vyote vimekolea sawa, jicho halina pa kutua. Acha kimoja kiwe cheusi. Ramani au maandishi ya usuli yagongwe kwa kahawia nyepesi, tena kwa chapa ya pili isiyoongezwa wino, ili yarudi nyuma. Kwa kadi ya mwanaume, mistari iliyonyooka, pembe za mraba na nafasi tupu hufanya kazi kubwa kuliko mapambo. Kipande cha uzi wa katani au kifungo kimoja cha koti kinatosha.

Dalili: rangi inapotea juu ya kaki

Wino wa maji hauwezi kuwa mwepesi kuliko karatasi uliyoigonga. Njano yake inazama, bluu inageuka tope. Tumia pigimenti, Distress Oxide, au unga mweupe wa kunakshi. Weupe juu ya kaki una mvuto ambao kahawia haina, hasa kwa maandishi mafupi.

Dalili: unga wa kunakshi haukai vizuri

*Umeshika pasipo na chapa.* Ni mafuta ya vidole, unyevu au umeme tuli. Kabla ya kugonga, pitisha poda kidogo ya mtoto au unga wa wanga kwa brashi laini, upangusie ziada. Chembe zilizobaki ziondoe kwa brashi kavu kabla ya joto, zikishayeyuka zimekaa.

*Una chembechembe kama ganda la chungwa.* Haujayeyuka wote. Washa kipulizia joto (heat gun) sekunde 15 hivi mbali na kadi, kisha kilete umbali wa sentimita 5 hadi 8, usubiri unga ubadilike kuwa na mng'ao ndipo usogee mbele.

*Umebonyea, umepoteza mng'ao, unaonekana wa mafuta.* Joto limezidi na unga umezama karatasini. Haurudi. Chapa upya.

*Unapeperuka.* Unatumia draya ya nywele. Draya ina upepo mwingi na joto lisilofika panapotakiwa. Pasi unaweza kuitumia kwa kushikilia kadi juu yake, uso wa kadi ukitazama juu, bila karatasi kugusa chuma.

Onyo: kipulizia joto huunguza ngozi na kuwasha karatasi. Weka kigae au ubao chini, ondoa spiriti, kisafishio cha solventi na mapazia karibu. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta. Malengelenge makubwa au jeraha la usoni ni la hospitali. Kifaa kikitoa cheche, harufu ya plastiki au waya ukipata joto, kichomoe na umpe fundi umeme. Usikifungue mwenyewe.

Dalili: mkunjo umepasuka, kadi imejipinda

Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde kidogo bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Inapokubali kirahisi, huo ndio mwelekeo, na mkunjo uufuate. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi za urefu, kwa hiyo ukiikata katikati kupata A5 mbili na kukunja kila moja kuwa A6, sentimita 10.5 kwa 14.8, mkunjo unaangukia mahali pake. Kadi hiyo huingia bahasha ya C6, sentimita 11.4 kwa 16.2. Kipande cha kubandika mbele kikate 14.2 kwa 9.9, ubaki ukingo wa milimita 3 kila upande.

Kabla ya kukunja, pitisha kalamu isiyo na wino kando ya rula. Tuta linalojitokeza liwe ndani ya mkunjo. Kadi iliyojipinda baada ya gundi ina maji mengi upande mmoja: tumia utepe wa gundi pande mbili, au gundi nyembamba kisha uilaze chini ya vitabu usiku kucha.

Ukihitaji kadi mia kwa sherehe ya kustaafu, usizikate kwa wembe. Peleka manila kwenye kiwanda cha uchapaji, wakate na kutia alama ya mkunjo kwa mashine, ubaki na kazi ya mihuri.

Dalili: muhuri unanata, umegeuka njano, au hautaki kushika kwenye kibao

Njano na madoa ya wino si kasoro. Kutoshika kibao angavu unachoubandikia muhuri wa fotopolima kwa kawaida ni vumbi. Osha muhuri na kibao, ukaushe kwa hewa. Kunata kunakoendelea hata baada ya kuosha, au nyufa, kunamaanisha fotopolima imeharibika kwa jua au kwa kisafishio cha solventi, na dawa yake ni muhuri mwingine. Tangu mwanzo, ufute wino wa solventi kabla haujakauka, tumia kisafishio chake kidogo tu, suuza mara moja kwa maji ya sabuni. Mihuri ya mpira mwekundu huvumilia zaidi, lakini usiiloweke: gundi inayoishikilia kwenye sponji na mti huachia.

Ihifadhi bapa, ndani ya kasha lenye giza, uso wa muhuri mmoja usilalie mwingine.